Ulimi wa Mpishi wa Sabuni

Mtu anayekiri haraka humtia mpelelezi uvivu, na Inspekta aliuogopa uvivu kuliko alivyowaogopa wezi. Mpishi wa sabuni alikuwa amekiri ndani ya dakika mbili. Siku aliyokamatwa alisema, "Sabuni ni yangu," akanyoosha mikono afungwe pingu, na tangu hapo, siku ya nne sasa, hakuongeza neno ila swali moja kila asubuhi: jicho la mtoto linaendeleaje.

Jalada lilikuwa jembamba. Kiwanda kidogo cha sabuni kilipeleka katoni thelathini katika wodi ya wazazi. Wauguzi wakawaogesha watoto kama kawaida. Kabla ya jioni watoto kumi na mmoja walikuwa wamebabuka ngozi, na mmoja, mvulana wa siku tano, povu lilikuwa limemwingia jichoni. Maabara ikapima miche ile ya sabuni ikasema kostiki imezidi. Kostiki ndiyo ile dawa kali nyeupe inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Isipopata mafuta ya kutosha, hula ngozi ya mtu. Na kiwandani pale mwenye kupima kostiki alikuwa mmoja tu, mpishi. Mwendesha mashtaka alilitaka jalada saa nane mchana wa siku hiyo, na daktari alikuwa ameahidi kufungua bandeji ya jicho saa saba.

"Kesi imeiva, afande," alisema Koplo, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, ambaye alipenda kesi kama alivyopenda viti, zisizomsumbua mgongo. "Imebaki kupakua."

"Kinachoiva upesi hivyo, ndani huwa kibichi. Chukua mawe ya mizani, twende kiwandani."

Kituoni Inspekta walimwita Bi Maswali, yeye akiwa hayupo. Akiwapo walimwita afande.

Kwenye benchi la mapokezi alikuwa ameketi binti wa mpishi, na chupa ya chai mapajani kama kila asubuhi. Alisimama walipopita.

"Shikamoo baba," alimwambia Koplo. "Leo baba'angu atatoka?"

"Marahaba binti. Hatujajua."

"Akitoka hatarudi kule kwake. Atakaa kwetu. Mume wangu ameezeka mwezi huu, mabati mapya, hata tone halipiti. Mwambieni baba chumba chake kipo."

Koplo aliahidi kumwambia. Inspekta aliyasikia yote. Alikuwa na tabia ya kuokota maneno njiani bila kujua atayapikia nini.

*

Asubuhi ilikuwa ya baridi ya kuuma masikio. Ghala la kiwanda lilikuwa refu, lenye sakafu ya saruji iliyong'aa kwa mafuta ya miaka mingi. Mapipa ya bluu yalipangwa upande wa kushoto, ya kijani upande wa kulia. Harufu ya nazi ilikuwa nzito kiasi kwamba Koplo aliguna akasema ananusa mchuzi usiokuwepo.

Mtunza ghala aliwapokea mlangoni. Kiwanda kizima kilimwita Mkwe, kwa sababu alikuwa amemwoa binti wa mpishi, na utani huo ulikuwa umemganda hadi watu wakasahau jina lake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, msafi, mwenye funguo nyingi kiunoni na maneno mengi zaidi mdomoni.

"Afande, mimi nitasema kweli ingawa ni mzee wangu," alianza hata kabla ya kuulizwa. "Macho yake siku hizi yamefifia. Naumia kusema. Lakini mtu wa macho vile, kwenye mizani, si ajabu aongeze kilo."

"Tutaanza na mizani basi."

Walipanda ghorofani, chumba cha kukorogea. Koplo aliweka mawe yake juu ya mizani moja moja, la kilo tano, la kumi, la ishirini, huku akipuliza pumzi kama aliyepanda mlima. Mizani ilisoma sawasawa. Mpishi msaidizi, mwanamke mnene asiyecheka, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Kostiki inasomwa na watu wawili," alisema. "Yeye anasoma, mimi nasoma, ndipo tunamwaga. Na miwani yake ni mipya. Aliyewaambia haoni ni nani?"

Inspekta hakumtaja. "Mafuta nayo mnayapima wapi?"

Mwanamke alimwonyesha tangi la chuma lililofungwa pande zote, lenye kioo chembamba cha kuonyesha kimo. "Yanapanda kwa bomba kutoka ghalani. Humu ndani kuna hita ya umeme, yanapashwa, halafu tunafungulia. Sisi tunaona kimo tu. Sabuni ya hospitali ni nusu mafuta ghafi ya nazi, nusu mawese, ambayo tunayachota hapa juu yakiwa magumu. Miaka yote ni hivyo."

"Na siku ile hamkuona tofauti?"

Alifikiri kidogo. "Ilichelewa kushika. Uji wa sabuni huwa unakuwa mzito baada ya muda fulani, siku ile tukakoroga hadi mikono ikatuuma. Mzee akasema ni baridi. Ilikuwa baridi kweli, kama leo."

"Siku gani?"

"Jumatano, wiki tano sasa. Sabuni hii hukaa rafuni wiki nne ikomae, ndipo inakatwa, mzee anailamba, inaondoka."

"Anailamba?"

"Ulimi wake ndio muhuri. Anagusisha ncha ya ulimi kwenye mche. Kostiki ikiwa imebaki, inachoma kama betri. Bila yeye kulamba, hakuna katoni inayofungwa hapa. Miaka thelathini na moja, hajakosea hata mara moja."

Koplo alijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono kana kwamba yeye ndiye aliyelamba. Inspekta aliandika: *Aliilamba?* Akapiga mstari chini yake. Mizani ilikuwa safi, macho yalikuwa safi, na ulimi usiokosea ulikuwa umekosea. Jambo hilo lilimkera.

Chini, alimkuta Mkwe akifuta pipa lisilo na vumbi.

"Nieleze Jumatano ile. Wewe ulifanya nini?"

"Kazi yangu ndogo tu, afande. Saa moja asubuhi nikalisogeza pipa la nazi, nikaunga mpira, nikafungua koki. Mafuta yakamiminika kama maji. Dakika ishirini pipa tupu. Nikafunga, nikanywa chai."

"Kama maji."

"Kama maji kabisa."

"Asante. Usitoke kiwandani."

*

Mkemia wa kiwanda alikuwa na chumba kidogo kama kibanda cha tiketi. Alikuwa mwanamke kijana kuliko Inspekta, akamwita dada kwa heshima. Hakuwa amelala vizuri. Macho yake yalisema hivyo.

"Kila mtu ananiuliza kostiki," alisema. "Hakuna anayeniuliza mafuta."

"Mimi nauliza mafuta. Nianzie kama mtoto wa darasa la kwanza."

Mkemia alichukua mche wa zamani, wa mwezi uliopita, na mche mmoja wa kutoka hospitalini akiwa amevaa glavu. Aliweka beseni mbili za maji, akatia chumvi konzi konzi. Mche wa zamani alipousugua, povu jeupe lilipanda hadi ukingoni. Wa hospitalini alisugua, akasugua, yakatoka maji machafu yenye utelezi.

"Sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi," alisema. "Nyingine zinakataa. Ndiyo maana meli hununua kwetu. Mafuta haya, dada, ni uti wa mgongo wa viwanda vingi. Sabuni, shampuu, gliserini ya wenye dawa, mishumaa, grisi ya mashine. Tunayachukua ghafi, kama yalivyokamuliwa kwenye mbata kavu za nazi, hayajasafishwa: yana rangi yake ya manjano na harufu yake. Hata jenereta letu liliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya nazi, dizeli ilipoadimika. Lilikwenda vizuri wiki nzima, mpaka asubuhi moja ya baridi likagoma. Fundi alipofungua mrija akakuta umeziba. Mafuta yameganda kama mshumaa."

Inspekta aliacha kuandika. "Yanaganda kwenye joto gani?"

"Chini ya digrii ishirini na nne hivi, yanaanza. Leo ni kumi na saba."

Mkemia alishusha chupa kutoka rafuni. Kila pipa lilipoingia alijaza chupa moja ya mafuta yake na kuibandika karatasi. Aliipindua juu chini. Kilichokuwa ndani hakikutikisika, cheupe cha manjano, kigumu. Akaitumbukiza katika jagi la maji ya vuguvugu, na baada ya dakika chache kingo zikalegea, zikawa maji.

"Chupa hii ni ya pipa lililotumika Jumatano ile," alisema. "Lilipoingia lilikuwa nazi tupu. Nimeipima mara tatu usiku wa kuamkia leo kwa sababu sikuelewa."

"Na kostiki inayofaa nazi, ukiitia kwenye mafuta mengine?"

"Kila mafuta yana shibe yake. Kilo mia za nazi zinameza kilo kumi na nane na kitu za kostiki. Alizeti, kumi na tatu na nusu, zimeshiba. Ukiweka alizeti mahali pa nazi na ukapima kostiki ya nazi, kwenye pipa moja zinabaki kama kilo nane zinazozurura na njaa." Alivua glavu. "Zinasubiri maji na ngozi."

"Alizeti huganda kwenye baridi hii?"

"Hata ukiiacha wiki nzima nje, haigandi."

"Mapipa ya kijani kule ghalani ni ya nini?"

"Alizeti. Ya kulainishia ngozi za viatu, tunamuuzia jirani."

Inspekta alifunga daftari polepole. Hakufurahi. Alikuwa amemkumbuka yule binti kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitamani mzee awe na hatia peke yake.

Koplo aliingia akihema, ametoka kwa fundi wa boila, ambako alikuwa amekwenda kuota moto kuliko kupeleleza. Lakini hakurudi mikono mitupu.

"Afande, yule fundi analalamika hadi basi. Anasema wiki tano nyuma boila ilikufa Jumatatu ikafufuka Alhamisi, na hakuna aliyemsaidia. Siku zote hizo chumba cha joto cha mapipa kilikuwa baridi kama kaburi. Ana karatasi yake ya matengenezo pale ukutani."

"Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Naam. Ina maana gani?"

"Ina maana Jumatano pale hapakuwa na kitu cha kumiminika kama maji."

*

Alimkuta Mkwe amekaa juu ya kreti. Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

"Niungie mpira kwenye pipa la nazi," alisema Inspekta. "Lile la bluu, la mwisho."

"Hilo halijapitia chumba cha joto, afande."

"Fungua tu."

Mkwe alifungua koki. Hakikutoka kitu. Koplo aliligonga pipa kwa ngumi, likajibu kwa mlio mfu wa kitu kilichojaa na kushikana. Koplo akaliendea la kijani, akaligonga, mafuta yakasikika yakicheza ndani.

"Halitoki kwa sababu limeganda," alisema Mkwe kwa sauti ya mwalimu. "Kila mtu hapa anajua. Lazima likae chumba cha joto siku mbili."

"Jumatano ile lilikaa?"

"Lilikaa. Nililiweka mwenyewe Jumatatu."

"Kwenye chumba ambacho boila yake ilikuwa imekufa."

Funguo kiunoni mwa Mkwe ziligongana kidogo. "Basi nililipasha kwa maji moto. Nimesahau. Ni siku nyingi."

"Maji moto uliyatoa wapi bila boila? Pipa la lita mia mbili, peke yako, kabla ya saa moja asubuhi? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, kijana. Leo nimefundishwa mafuta."

Alikaa juu ya kreti ya pili, magoti yao yakakaribiana, akashusha sauti.

"Mabati ya nyumba yako umeyapata wapi?"

Swali hilo halikuwa na ushahidi wowote nyuma yake, ni neno tu aliloliokota kwenye benchi. Lakini Mkwe alitazama juu, kwenye dari la ghala, kama mtu anayehesabu mabati ya nyumba nyingine. Kisha uso ukamshuka.

"Kuna mtu anatengeneza mafuta ya nywele," alisema. "Anataka nazi ghafi, ile yenye harufu, na hapati. Yeye ana duka la vifaa vya ujenzi. Tukabadilishana. Pipa kwa mabati ishirini. Watoto walikuwa wanalala chini ya turubai, afande. Mke wangu alikuwa anaweka masufuria sakafuni mvua ikinyesha."

"Ukajaza alizeti."

"Nilihamisha jioni moja, kabla boila haijafa, wakati mapipa yamepashwa. Ukutani mwa pipa ilibaki nazi ya kutosha kutoa harufu. Rangi zinakaribiana. Nilidhani mafuta ni mafuta. Naapa. Nilidhani sabuni itatoa povu kidogo tu, basi. Habari ya kostiki sikuijua, mimi ni mtu wa funguo."

"Na watoto walipoungua, ukajua."

Mkwe alizishika funguo zake zisilie.

"Ulijua, ukaja kuniambia mzee haoni."

"Mimi nilimtegemea yeye!" Ndiyo mara pekee alipopaza sauti, na papo hapo akaishusha. "Nilisema hata nikiharibu, baba mkwe atailamba. Ikiwa mbaya atajua, atamwaga yote, hasara itakuwa ya kiwanda. Ulimi ule haukosei. Kila mtu anajua. Kwa nini aliipitisha? Siku nne hizi najiuliza, kwa nini aliipitisha?"

Kwa bahati mbaya, lilikuwa swali zuri. Koplo alimfunga pingu, akamshika bega bila kumsukuma.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Koplo walipokuwa wakitoka, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesoma methali kwenye kanga ya marehemu.

*

Saa saba na nusu simu ya hospitali ilikuwa imekwisha kuingia. Inspekta aliisikiliza amesimama kwenye ukumbi wa kituo, akasema asante, akaenda moja kwa moja selo.

Mpishi alikuwa amekaa kitako, mgongo ukutani, mikono yake minene yenye makovu meupe ya kostiki imelala magotini. Alikuwa amepungua. Upande mmoja wa shavu ulikuwa umebonyea.

"Jicho la mtoto linaendeleaje, mwanangu?"

"Nitakwambia, mzee. Kwanza nisikilize mimi."

Akamweleza yote kwa mpangilio: povu lililokataa maji ya chumvi, chupa iliyoganda, boila iliyokufa, pipa lililomiminika siku ambayo halikupaswa kumiminika, mabati. Alipomtaja Mkwe, mzee alifumba macho, lakini hakushtuka kama Inspekta alivyotarajia.

"Kwa hiyo hukukosea kipimo," Inspekta alimaliza. "Kostiki yako ilikuwa sahihi kwa mafuta uliyodhani unayo. Jalada likienda hivi, jioni unalala kwa binti yako."

"Jicho."

Inspekta alikuwa ameshawapa watu habari nyingi mbaya katika vyumba kama hicho, na hakuna hata moja iliyomfundisha kuipa inayofuata. "Daktari ametembeza taa. Jicho la kushoto linaifuata. La kulia halitaona."

Mzee akafungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole, akamwonyesha. Nyuma, upande wa chini, palikuwa na shimo jekundu, halijafunga vizuri.

"Jino liling'olewa lini?" aliuliza Inspekta, ingawa tayari alikuwa anajua.

"Jumatatu, asubuhi, kabla ya kazi. Daktari wa meno alinipiga sindano mbili za ganzi, jino lilikuwa na mizizi mikaidi. Nilikuja kazini ulimi hauko. Nilikuwa na kipande cha nyama tu mdomoni, najing'ata bila kujua." Aliacha shavu. "Katoni zilikuwa zinasubiri, gari la hospitali liko mlangoni. Msaidizi wangu alikuwa amesimama hapo hapo, ana ulimi mzima. Ningemwambia, 'Leo lamba wewe.' Maneno matatu. Lakini miaka thelathini na moja hakuna aliyelamba mahali pangu, na nilijua akilamba mara moja wataona kwamba hata mwingine anaweza. Nikagusisha ulimi, sikusikia kitu. Nikasema, safi. Fungeni."

"Mzee, hilo halimo kwenye jalada. Hakuna anayelijua."

"Lile la mafuta lilikuwa la mkwe wangu. Aliiba mafuta, hakukusudia kumuumiza mtoto. Mimi nilikuwa mlango wa mwisho. Andika na hilo pia."

"Nikiliandika hutoki."

"Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Andika."

Inspekta alitazama saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Alichomoa kalamu, akaandika sindano mbili za ganzi, gari mlangoni, maneno matatu ambayo hayakusemwa, akamsomea, na mzee akatia sahihi. Alimwonea huruma na alimkasirikia, yote mawili kwa pamoja, na hakuona sababu ya kuchagua.

Ukumbini Koplo alikuwa anamwingiza Mkwe kwa mlango wa mbele. Binti kwenye benchi alisimama, akatazama pingu, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kaletwa kutoa ushahidi?" alimuuliza Inspekta.

"Hapana, dada. Kaa kidogo."

Hakukaa. Alifikiri, na Inspekta aliona jambo likimfikia polepole, bila msaada wa mtu.

"Aliniambia ni zawadi ya rafiki," alisema. "Yale mabati."

Alifungua chupa yake, akamimina chai katika kikombe kimoja alichokuwa nacho, akakishika kwa mikono miwili. Kushoto kulikuwa na selo ya baba yake, kulia walikuwa wanampeleka mumewe. Alisimama katikati mpaka chai ikaacha kutoa mvuke, kisha akamuuliza Koplo kama kituoni wana kikombe cha pili.